Kutunga Muziki wa Klasiki Ukiwa na Kazi, Familia na Kanisa: Mwongozo wa Kipande cha Kwanza

Karibu kila Jumamosi jioni, mazoezi ya kwaya yakiisha, mtu mmoja hunivuta kando na kuniuliza maswali yale yale. Je, ninaweza kutunga bila kusomea muziki? Je, ni lazima niwe na piano? Muda nitautoa wapi, ilhali natoka kazini saa moja usiku na bado kuna foleni ya feri? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini zaidi: je, nikitunga muziki usio na maneno ya Mungu, nitakuwa nimepoteza wakati alionipa Mungu? Nimeona heri niyajibu yote hapa kwa utaratibu, ili anayetaka kuanza aanze leo.

Mwongozo huu utakufikisha kwenye kipande kimoja kilichokamilika, cha vipimo 16 (kipimo ni kundi la mapigo yanayohesabiwa pamoja) kwa sauti nne bila ala, katika mtindo wa klasiki. Nimechagua sauti nne kwa makusudi. Hapa Mombasa si rahisi kupata wapiga fidla wanne wenye nafasi usiku mmoja, lakini soprano, alto, teno na besi utawapata katika karibu kila parokia kuanzia Changamwe hadi Bamburi. Mtunzi anayeanza anahitaji kusikia alichoandika kikiimbwa na watu halisi, na watu hao tayari anao.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Tafuta daftari la muziki lenye mistari mitano mitano, au daftari la kawaida ikiwa unaandika kwa solfa, pamoja na penseli na kifutio. Usiandike kwa kalamu ya wino, kwa sababu utafuta mara nyingi kuliko unavyodhani. Simu yenye kinasa sauti inatosha kuhifadhi tuni zinazokujia njiani. Kinanda chochote kinachofanya kazi kitafaa, hata cha mtumba, ila ukiweza kupata chenye vibonye 61 utafanya kazi kwa raha zaidi. Kifunike kwa kitambaa kila ukimaliza, kwa maana hewa ya chumvi ya pwani hula viunganishi vya chuma ndani yake polepole. Ukiwa na kompyuta, weka programu ya kuandikia muziki ya MuseScore, ambayo hailipiwi. Mwisho, uwe na Biblia.

Kama hujui kusoma mistari mitano, usikate tamaa wala usingoje hadi ujifunze. Mfumo wa solfa tunaoutumia makanisani (d, r, m, f, s, l, t) ulienezwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 19, ambaye alikuwa akitafuta njia nyepesi ya kuwafundisha kuimba watoto wa shule ya Jumapili. Ulitengenezwa kwa ajili ya watu wasio na chombo wala mwalimu wa kudumu, na unatosha kabisa kwa kazi hii. Mifano yangu yote hapa chini ni ya solfa.

Hatua ya 1. Patana na watu wa nyumbani kwako

Kabla ya noti ya kwanza, keti na mwenzi wako au wale unaoishi nao mkubaliane muda. Dakika 30, siku nne kwa wiki, zinatosha. Mimi hutumia saa kumi na moja alfajiri baada ya sala, kabla watoto hawajaamka na kabla tuktuk hazijaanza kupiga honi. Muda ambao hamkukubaliana utakuwa muda wa kuibia, na muda wa kuibia huzaa ugomvi.

Onyo: usitunge wakati wa ibada. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikiandika tuni nyuma ya karatasi ya matangazo huku mahubiri yakiendelea, nikijiambia kwamba ni kwa ajili ya Mungu huyo huyo. Mke wangu alinionyesha kwamba kwa mwezi mzima sikuweza kukumbuka hata somo moja lililosomwa. Tangu siku hiyo penseli inabaki nyumbani siku ya Jumapili.

Hatua ya 2. Chagua maneno mafupi

Wengi huanza na zaburi nzima na kuishia njiani. Chukua mstari mmoja au miwili. Kwa mwongozo huu tutatumia mwanzo wa Zaburi ya 130 katika tafsiri ya Union: “Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia. Bwana, uisikie sauti yangu.” Nimeuchagua kwa sababu neno lenyewe ni letu. Kilindi ni mahali penye maji ya kina, na jina la bandari yetu ya Kilindini limetokana nalo. Anayevuka Likoni kila asubuhi, akatazama chini pembeni mwa feri, anajua rangi ya maji hayo, na hahitaji kuelezwa mtunga zaburi alikuwa akilia kutoka wapi.

Kumbuka kwamba tafsiri nyingi za Biblia zina wenye haki nazo. Ukifika wakati wa kuchapisha na kuuza nakala, omba ruhusa kwanza.

Hatua ya 3. Soma maneno kwa sauti na uweke alama za mkazo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha wimbo unaoimbika na ule unaowachosha waimbaji bila wao kujua sababu. Mkazo wa Kiswahili, kama tunavyojua, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi yenye mkazo inataka pigo lenye nguvu, yaani pigo la kwanza la kipimo, au angalau la tatu ikiwa unahesabu mapigo manne. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka lugha za Ulaya hukosea hapa, hata tukazoea kuimba “Bwa-NA” kana kwamba ndivyo tunavyosema nyumbani.

Tuuweke kando kwanza wito “Ee Bwana”. Soma yaliyobaki polepole ukipiga kofi penye mkazo: TO-ka vi-li-NDI-ni ni-me-ku-li-LI-a. Silabi 12. Ukiweka mapigo manne kwa kila kipimo, “to-ka-vi-li” inajaza kipimo cha kwanza, na “ndi” inaangukia pigo la kwanza la kipimo cha pili ambapo inaweza kurefushwa. Halafu “ni-me-ku-li” inajaza kipimo cha tatu, na “li” ya mwisho inaangukia pigo la kwanza la kipimo cha nne. Maneno yenyewe yamekugawia vipimo vinne, wewe hukufanya chochote.

Angalia pia herufi m na n zinazosimama peke yake kama silabi. Katika Zaburi ya 121 tunasoma “Aliyezifanya mbingu na nchi.” Neno “mbingu” lina silabi mbili, mbi-ngu, kwa hiyo linataka noti mbili. Neno “nchi” nalo lina silabi mbili, n-chi, na mkazo uko juu ya ile n! Ukiipa “nchi” noti moja tu, kwaya italazimika kuimeza n, na msikilizaji aliye nyuma atasikia “chi”. Vivyo hivyo kwa “mtu” na “mchungaji”.

Hatua ya 4. Imba sauti ya kwanza kabla ya kugusa kinanda

Vidole vina mazoea yake, na vitakuletea tuni ulizokwisha kuzicheza mara mia. Kwa hiyo tembea, au simama kwenye feri, urudie maneno hadi yaanze kupanda na kushuka yenyewe. Rekodi kwenye simu kila jaribio. Ukifika nyumbani, chagua moja.

Hii ndiyo tuni niliyoipata kwa mstari wa kwanza. Weka doh (d) kwenye B bapa, yaani kibonye cheusi kilicho jirani chini ya B, halafu tumia lah (l) kama nyumba ya wimbo badala ya doh, kwa sababu maneno ni ya maombolezo. Alama ya mkato inaonyesha noti ya oktavu ya chini (oktavu ni umbali kutoka noti moja hadi noti ya jina lile lile iliyo juu au chini yake), na kistari kinaonyesha kurefusha:

to-ka-vi-li: m r d t,
ndi-ni: l, – l, (pumzi)
ni-me-ku-li: l, t, d r
li-a: m – m (pumzi)

Tazama inavyotenda. Inashuka noti tano hadi “vilindini”, kisha inapanda tena ngazi ile ile hadi ilipoanzia kwa “nimekulilia”. Sikuongeza pambo lolote. Tuni ya mwanzo iwe na noti ambazo mwanakwaya asiyejua kusoma anaweza kuzishika akisikia mara mbili.

Onyo kuhusu mstari wa pili: usichukue tuni hii ukaibandika kwenye “Bwana, uisikie sauti yangu” kwa kuwa nao una silabi 12. Silabi ya tano itaangukia pigo zito, nayo ni “si”, kwa hiyo kwaya itaimba “ui-SI-kie” ilhali tunasema “uisi-KI-e”. Panga hivi badala yake: “Bwa” pigo la kwanza, “na” la pili, “u-i” zigawane la tatu, “si” la nne. Kipimo kinachofuata “ki” ichukue mapigo mawili, kisha “e” na “sa”. Halafu “u” mapigo mawili na “ti”, na kipimo cha mwisho “ya” mapigo mawili na “ngu”. Vipimo ni vinne vile vile, lakini mkazo umekaa mahali pake.

Hatua ya 5. Andika besi

Usianze kujaza alto. Andika besi kwanza, kwa sababu soprano na besi zikisikika vizuri zenyewe mbili, kazi iliyobaki ni nyepesi. Kwa kila pigo zito, jiulize noti ya soprano ni ya kodi ipi, yaani kundi lipi la noti tatu zinazoimbwa pamoja: l-d-m, r-f-l, f-l-d au m-se-t. (Noti ya se ni soh iliyopandishwa nusu hatua.) Mimi niliweka l kipimo chote cha kwanza, f kipimo cha pili, kisha r, l na f katika kipimo cha tatu, na m katika cha nne.

Hapa ndipo kosa kubwa la wanaoanza hutokea. Mwishoni mwa kipimo cha tatu soprano iko r, ikielekea m. Jaribio langu la kwanza lilikuwa na r kwenye besi pia, ikienda m. Sauti hizo mbili zilipanda pamoja kwa oktavu, na ghafla kwaya ya sauti nne ilisikika kama ya sauti tatu. Watunzi wa klasiki walikwepa oktavu na noti za tano (kama d na s) zinazotembea sambamba kwa sababu hiyo: zinaiba uhuru wa sauti moja. Nilipobadilisha besi iwe f ikishuka kwenda m, wakati soprano inapanda kutoka r kwenda m, zote zikafika m kutoka pande mbili tofauti, na mahali pale pakafunguka kama mlango. Cheza njia zote mbili kwenye kinanda chako, mkono wa kulia soprano na wa kushoto besi. Sikio litakufundisha kwa dakika moja jambo ambalo maelezo yangu hayawezi kulimaliza.

Hatua ya 6. Jaza alto na teno

Kanuni ni moja: kila sauti ya kati iende kwenye noti iliyo karibu zaidi ndani ya kodi inayofuata, na ikiwezekana ibaki pale ilipo. Hivi ndivyo vipimo vinne vinavyokuwa, bila alama za oktavu, kila sauti katika eneo lake la kawaida:

Soprano: m r d t | l – l | l t d r | m – m
Alto: m m m m | f – f | f f l l | se – se
Teno: d d d d | d – d | r r m r | t – t
Besi: l l l l | f – f | r r l f | m – m

Alto inaanzia m iliyo oktavu moja chini ya m ya soprano. Kama ungeiweka kwenye d iliyo jirani, soprano ingeipita kwa chini kabla kipimo hakijaisha, na waimbaji wangepotezana.

Angalia pia upeo wa kila sauti. Kwa kwaya ya kanisa ya watu wanaofanya kazi mchana kutwa, soprano isipande mara nyingi kupita F ya oktavu ya pili juu ya C ya kati (C iliyo karibu na katikati ya kinanda), wala alto isishuke chini ya A iliyo chini ya C hiyo. Teno ikae kati ya D iliyo chini ya C ya kati na F iliyo juu yake, na besi isiende chini ya G ya oktavu ya pili chini ya C ya kati. Kuna mwaka niliandika noti ya besi ya chini sana kwa ajili ya Ijumaa Kuu kwa kuwa ilisikika vizuri kwenye kinanda. Ilipofika, mabesi wote saba walinyamaza.

Hatua ya 7. Fikisha vipimo 16

Vipimo vya 5 hadi 8 viwe mstari wa pili. Vipimo vya 9 hadi 12 rudisha mstari wa kwanza, lakini sasa besi iimbe ile tuni na soprano ishike noti ndefu juu. Vipimo vinne vya mwisho tumia wito tulioweka kando, “Ee Bwana”, kwa kodi ndefu, ukimalizia na m-se-t inayokwenda l-d-m. Noti ya se ipande kwenda l. Usiiruhusu iruke kwingine.

Usiongeze kitu. Alexander Borodin, mkemia wa Urusi aliyetunga katika muda uliobaki baada ya maabara na wanafunzi, alianza opera moja mwaka 1869, na alipofariki mwaka 1887 ilikuwa bado haijakamilika. Anayetunga kwa ridhaa anahitaji kazi anayoweza kuimaliza kabla ya msimu kubadilika.

Hatua ya 8. Nakili na ujaribu na watu wanne

Iandike safi, solfa juu na maneno chini yake, kisha utoe fotokopi. Kwenye MuseScore unaweza kuandika herufi za solfa kama ubeti wa kwanza wa maneno, na maneno halisi kama ubeti wa pili. Alika mtu mmoja kwa kila sauti nyumbani kwako, uwape chai na mahamri, muimbe polepole. Wewe usiimbe, sikiliza na penseli mkononi. Mahali ambapo watu wawili wamekosea mara mbili, kosa ni la maandishi. Rekebisha hapo.

Ndipo umpelekee mwalimu wa kwaya. Mpe angalau wiki sita kabla ya siku unayotarajia kuimbwa, na umwachie uamuzi wa kama utaimbwa katika ibada au la. Yeye na kasisi au mchungaji ndio wanaojua kama maneno yanafaa kwa Jumapili hiyo.

Kuhusu muziki usio na maneno

Naamini kabisa kwamba kipande cha kinanda peke yake kinaweza kuwa sadaka. Johann Sebastian Bach, aliyehudumu Leipzig kuanzia 1723 akiwa na wanafunzi wa kufundisha na nyumba iliyojaa watoto, aliandika herufi S.D.G., yaani “utukufu kwa Mungu peke yake”, mwishoni mwa kazi zake nyingi. Joseph Haydn alikuwa akianza miswada yake kwa Kilatini, “kwa jina la Bwana”, na kuimaliza kwa “sifa kwa Mungu”, hata simfoni zisizo na neno moja la Biblia. Swali la kujiuliza ni kama muda huo umemnyima mtu haki yake: mgonjwa uliyeahidi kumtembelea, mtoto mwenye kazi ya shule, jumuiya inayokusubiri. Ikiwa hakuna aliyenyimwa, tunga kwa amani.

Mambo yakikwama

*Tuni haiji kabisa.* Rudi Hatua ya 3. Mara nyingi maneno hayajasomwa kwa sauti vya kutosha. Yasome mara 20.

*Tuni yangu inafanana na wimbo ninaoujua.* Imba kwa mtu mwingine bila maneno. Akiutambua wimbo huo, badilisha noti ya juu kabisa na mahali inapotokea. Mara nyingi hilo linatosha.

*Kwaya inashuka ufunguo ikifika mwisho, yaani sauti zote zimekuwa chini kuliko zilivyoanza.* Angalia kama kuna noti inayorudiwa mara nyingi kwenye alto au teno, kama ile d ya teno hapo juu. Waimbaji huchoka na kuiacha ilegee. Ipe mwendo kidogo, au wape mahali pa kupumua.

*Kila kitu kinasikika kizito.* Pengine teno na besi ziko karibu mno chini. Acha nafasi ya oktavu kati yao panapowezekana, na uzibananishe sauti za juu badala yake.

*Umeme ulikatika nikapoteza kazi ya wiki mbili.* Limenipata. Tangu hapo naandika kwa penseli kwanza, kompyuta baadaye, na kila ninapohifadhi faili najitumia nakala kwenye simu.

*Kwaya imeimba mara moja, haikuupenda.* Usiulize kwa nini hawakuupenda, kwa sababu watakupa majibu ya adabu. Uliza kipimo kipi kiliwasumbua, mmoja mmoja, soprano kwa soprano na besi kwa besi. Andika namba za vipimo hivyo pembeni mwa nakala yako, andika na tarehe, kisha uiweke kabatini kwa mwezi mmoja kabla ya kuigusa tena.